Ushindi Asioukumbuka

Mwanga wa Julai haubishi hodi kijijini Zelena. Hupita juu ya mashamba ya kanola iliyochanua, ukajipaka manjano yake, ukavuka barabara ya changarawe, ukapanda ukuta wa nyumba ya kina Hryciuk na kutafuta dirisha. Watu wa hapa huusubiri miezi minane ya theluji, na ukifika hauzami hadi saa tatu usiku. Huutolea viti nje, huuvulia kofia.

Ndani, Lorna Hryciuk alikuwa anaupigilia misumari. Blanketi la sufu, nyundo, misumari minne, dirisha dogo la chumba cha chini. Nyuma yake kitandani, mwanawe Tanner, miaka ishirini na sita, alijifunika macho kwa mkono na kungoja giza.

"Bado kuna mstari pale pembeni, Mama."

"Nauona."

Akapigilia wa tano.

Ewe mwanga, mtoto huyu alikukosea nini? Alikua ndani yako. Alijifunza kuteleza juu ya bwawa la ng'ombe lililoganda, barafu ikikurudisha mbinguni, naye akicheka katikati yenu.

Leo ni siku ya Kombe. Timu yake, Korongo, ilicheza hoki ya barafuni miaka arobaini na saba bila ubingwa, miaka arobaini na saba ya kuchekwa na kila mji wenye barafu. Juni hii ikautwaa. Na desturi ni kwamba kila mchezaji hupewa Kombe kwa siku moja, alipeleke anakotaka. Mmoja alilipeleka ziwani. Mwingine alimbatizia mtoto ndani yake. Tanner alisema, "Nyumbani, Zelena." Alisema mbele ya kamera, ndevu zimelowa bia, usiku uleule wa ushindi.

Hakumbuki kwamba alisema. Hakumbuki usiku ule.

"Nilifunga?" humwuliza mama yake.

"Ulitoa pasi ya bao la pili."

"Nilifurahi?"

"Ulifurahi, mwanangu. Ulibusu barafu."

Humsimulia kama anavyosimuliwa mtu habari za nchi ambayo hajafika.

Ilianza Aprili, mechi ya pili ya raundi ya kwanza ya mtoano. Bega la mtu likampata taya, kichwa kikagonga kioo cha uwanja. Akainuka. Akateleza taratibu hadi benchi la wapinzani, akataka kukaa nao. Watangazaji wakacheka. Lorna, mbele ya televisheni, hakucheka. Ana stashahada ya uuguzi na miaka ishirini kwenye zahanati. Angekuwa mtoto wa jirani, angemzuia kucheza siku hiyohiyo, kwa barua.

Simu ikalia. "Mama, usimwambie mtu."

Naye aliijua sheria. Mechi za mtoano zikianza, jeraha halina jina. Gazeti huandika tu: sehemu ya juu ya mwili. Si bega, si mbavu, si kichwa, maana mpinzani akijua panapouma, hapo ndipo atakapopiga. Sheria hii anaijua padri, anaijua muuza mbolea. Mumewe Metro aliacha kunyoa ndevu ili bahati isikatike. Na Lorna akanyamaza.

Akanyamaza mechi ya tatu. Akanyamaza ya saba. Dukani wakimwuliza, "Kijana vipi?", akajibu, "Mzima." Akanyamaza fainali yote, mechi baada ya mechi. Na filimbi ya mwisho ilipolia, aliruka. Aliruka na kupiga kelele na kumkumbatia Metro na ndevu zake. Sababu ya kunyamaza anaweza kuieleza. Ya kule kuruka hawezi.

Kombe likaja saa saba mchana, limebebwa na mtu mwenye glavu nyeupe. Zelena nzima ilijaa uani, na sufuria za pirohi, sambusa za viazi za kuchemshwa, na watu mia nne wenye jezi za Korongo.

"Lorna! Bingwa yuko wapi?" Verna, mwenye duka, alikuwa ameshapata bia mbili. "Au bado anavaa viatu? Tangu utotoni huyu huchelewa kufunga kamba!"

"Mwacheni alale," Metro akasema. "Mabingwa hulala."

"Wewe hulala kila siku, Metro, na hatujaona kombe lako!"

Wakacheka. Mlango ukafunguka.

Tanner alitoka na miwani myeusi, kofia imeshushwa, kiganja kikiufuata ukuta. Umati ukanguruma. Lorna aliona ngurumo ile ikimpiga, aliona kiganja kikiugandamia ukuta. Wengine waliona bingwa aliyeguswa na furaha. Akalifikia Kombe. Hakulinyanyua. Aliinama, kidole kikapapasa majina yaliyochorwa kwenye fedha, kikasimama juu ya lake. Akalisoma polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma jina la kaburini akijaribu kukumbuka kama walijuana.

Kocha Orest, aliyemfundisha akiwa na miaka sita, akamshika bega. "Septemba unarudi kambini, eti? Tupe la pili, mwanangu!"

"Naam, Kocha," Tanner akasema. "Daktari wa timu amesaini ruhusa. Narudi."

Mia nne wakashangilia. Lorna akaweka chini sufuria.

"Harudi," akasema.

Hawakusikia. Akapaza sauti, ile ya zahanati.

"Harudi! Ni kichwa. Tangu Aprili ni kichwa. Hakumbuki fainali hata dakika moja, na mwanga unamchoma. Nilijua, na nikanyamaza."

Orest akaondoa mkono begani, polepole, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha moto. Verna akatazama bia yake. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomvunja Lorna: kila uso pale ungefanya vilevile.

Tanner akageuka. Lorna alingoja kuona hasira, hasira angeiweza. Lakini nyuma ya miwani sauti ilikuwa ndogo, ya upole.

"Ungesema Aprili, Mama."

Akarudi ndani, kiganja kikiufuata ukuta.

Watu wakaondoka wawili wawili, magari yakiinua vumbi. Ilikuwa saa nane mchana. Juu ya kanola, mwanga ulisimama mweupe, mpana, bila kivuli hata kimoja, na ulikuwa na saa saba nzima kabla ya kuzama.