Kapsuli Kwenye Uji wa Moto

Hospitalini walimwita Mvuke, na jina likamganda. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba cha kutakasia vyombo, akiingiza mikasi na koleo kwenye mtambo wa mvuke na kuvitoa vikiwa havina kijidudu hata kimoja. Nyumbani hakuwa na nafuu. Maji ya kunywa aliyachemsha mara mbili, vijiko alivichemsha, na angepewa nafasi angewachemsha hata wageni.

Mkewe, mwalimu mstaafu, alipopangiwa mionzi ya saratani nyongani mara ishirini na tano, Mvuke alichukua likizo amuuguze mwenyewe. Wiki ya pili tumbo la Mwalimu likaanza kuendesha. Daktari alieleza kuwa mionzi huuchubua na utumbo pia, akamwandikia kapsuli za bakteria wazuri wa tumboni.

"Huwasaidia baadhi ya wagonjwa, si wote," alisema. "Tujaribu."

Kwenye dirisha la dawa, mfamasia alianza kumweleza Mvuke namna ya kuzitumia. Mvuke akamkata kauli. "Mimi mtu wa hospitali, dada. Usijisumbue."

Mwalimu hakuweza kumeza kapsuli. Basi kila asubuhi Mvuke alizifungua mbili, akamwaga unga wake kwenye uji wa shayiri ungali unatokota jikoni, akakoroga kwa moyo wake wote. Mgonjwa wake hakutiwa kinywani kitu ambacho hakijapita motoni.

Tumbo halikusikia. Mwalimu alishinda chooni, mwili ukamwisha, na Mvuke aliyekuwa akifua mashuka kila siku akaanza kuingiwa na shaka. Asubuhi moja, binti yao akiwa amekuja kuwasalimu, shaka ikamtoka mdomoni, akamgeukia mkewe.

"Uji unaunywa, au unaumwaga nikigeuka?"

"Naunywa, mume wangu. Wote," alisema Mwalimu.

"Usinifanye mtoto!" Akafungua kabati, akainua godoro, akapekua hadi mkoba wa mkewe. Hakupata kitu. Binti alitazama sakafu, na Mwalimu, aliyekesha miaka mingi akisahihisha daftari za watoto wa watu, alikaa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Baada ya mionzi ya kumi na sita daktari alisimamisha matibabu. Mwili wa Mwalimu ulikuwa umekauka maji, ikabidi alazwe atundikiwe dripu. Mtaalamu wa lishe, dada mpole mwenye kalamu sikioni, alimwita Mvuke pembeni na kumuuliza kapsuli anampaje. Mvuke alijibu kwa majivuno kidogo, uji na mchemko na vyote.

Yule dada aliitoa kalamu sikioni. "Mzee, hao bakteria wapo hai. Wanatakiwa wafike tumboni wakiwa hai. Uji ni mzuri, ndio chakula chao, lakini uache upoe kwanza. Kwa moto huo umewapika."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlaza hapa?"

"Hilo siwezi kusema. Huenda zisingemsaidia hata kidogo. Hatuwezi kujua sasa."

Mvuke angependelea kutukanwa. Alisimama ameegemea ukuta, akajuta vile mtu anavyojuta jambo lisilorekebishika, kisha akaingia wodini na kumweleza mkewe yote, hadi la mfamasia.

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. "Maskini! Umeniulia wadudu wangu wote, Mvuke?"

"Nisamehe, mke wangu."

"La uji limekwisha. Hiyo ndiyo kazi uliyoizoea." Kicheko kikamwisha usoni. "Lakini ulinipekua mbele ya mwanangu. Nilikaa pale nikaanza kujiuliza mwenyewe kama kweli naunywa. Hilo sijui nilifanye nini."



Alipotolewa hospitalini, Mwalimu aliomba chupa ya kapsuli ikae upande wake wa kitanda. Kesho yake Mvuke aliamka saa ile ile, akapika uji, akaupoza, akaupima joto kwa kidole, akaupeleka chumbani.

"Weka hapo mezani," alisema Mwalimu. "Nitachanganya mwenyewe."

Aliweka. Akasubiri kidogo, labda angeambiwa akae. Mwalimu alikuwa akihangaika na kifuniko cha chupa, vidole havina nguvu, na hakumtazama. Mvuke akatoka, akaufunga mlango taratibu.