Kaa wa Mleta-Moto

Kach, kach, kach. Mkasi ulikuwa unakula kitambaa gizani, polepole, kama panya mwenye adabu.

"Mama Kidoti," mumewe aliuliza kutoka kitandani, "unakata nini na umeme hakuna?"

"Gando."

"La nani?"

"La kaa wa shuleni. Wewe lala."

Mume hakulala. Mtu akisikia mkewe anakata gando kabla hakujapambazuka, usingizi wenyewe unaona haya na kuondoka.

"Kaa na shule vinahusiana nini?"

"Ni wa ule mchezo wa kuigiza. Mwalimu kaniandikia kwenye simu: mwanao atashika kaa, tumia kitambaa chekundu, kionekane mpaka nyuma."

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye utenzi wa Mleta-Moto, shujaa wa zamani za kale, enzi watu walipokuwa wakila vibichi na kugongana vichwa kwa giza. Alipanda mbinguni bila kulala hata usiku mmoja, akarudi na moto. Mji mzima ulijivunia shujaa huyo, ijapokuwa waliousikia utenzi mpaka mwisho walikuwa wachache. Ndevu zake zilichorwa ukutani kwa kinyozi. Duka la magodoro lilikuwa na jina lake, na hakuna aliyejiuliza shujaa asiyelala anauzaje magodoro. Timu ya mpira nayo ilijiita Mleta-Moto, na kila msimu ilizimwa mapema. Mama Kidoti, mshonaji, alikuja mji huo kwa kuolewa, kwa hiyo shujaa alimjua kwa mabango tu.

"Ungemuuliza mwalimu," mume alisema.

"Nimuulize nini? Juzi tu nimepokea cheti cha masomo ya jioni. Leo niulize shujaa wa mji mzima alishika nini?"

Mume alijikuna kichwa. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, na kila jambo alilipima kwa karakana. "Lakini kuna akili hapo," alisema mwishowe. "Moto haushikwi kwa mkono. Unashikwa kwa koleo. Na gando ni nini kama si koleo lenye uhai?"

Mshonaji aliona mumewe amesema kitu kikubwa. Umeme uliporudi alishona magando mawili yaliyojaa pamba, na mume akamtengenezea waya za kuinua macho.

Kidoti, binti yao, hakuchaguliwa kuwa Mleta-Moto kwa sababu ya kipaji. Tangu aanze shule hakuna aliyewahi kumsikia darasani. Nyumbani alisema kila kitu, ila kwa kunong'ona, mdomo umegusana na sikio la mama, na pumzi yake ya joto ikimtekenya. Mwalimu alikuwa amemwita mshonaji getini na kumwambia waziwazi: "Sijui kama mtoto anajua kusoma au anajua kunitazama tu. Nisipomsikia siwezi kumpima, na asiyepimwa hapandi darasa. Nimempa maneno mawili jukwaani: Giza, toka. Akiyatoa kwa sauti, nitampima. Akishindwa, mama, atarudia."

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika. Mshonaji alikaa mbele, kati ya mumewe na mama mkwe. Mwalimu alisimama kando ya pazia, akaanza kughani kwa sauti nzito aliyoiazima pengine kwa mtu mwenye kifua kikubwa zaidi:

"Kutoka juu kashuka,
na kaa amelishika,
giza likababaika..."

Amelishika. Hiyo "li" ilimwingia mshonaji kama sindano chini ya ukucha. Si amemshika. Amelishika. Kaa la moto. Kipande cha kuni, jamani, chenye kuwaka, kile anachokipuliza jikoni kila siku.

Alitaka kunyanyuka, lakini pazia lilikuwa limeshafunguka. Kidoti alitokea amekumbatia kaa mwekundu aliyemzidi upana, magando yakining'inia, macho yakicheza kwenye waya.

"Sufuria liko wapi?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu akainama. "Kaa la moto, mama," alimnong'oneza mshonaji. "La moto."

"Ujumbe wako haukuwa na moto."

"Utenzi mzima ni wa moto!"

Mwenye duka la magodoro alisimama. "Huku ni kumdhalilisha shujaa. Mimi nina jina la kulinda."

"Samahani, wazee," mume wa mshonaji naye akasimama. "Mimi ni mchomeleaji. Niambieni, huo moto aliushika kwa nini? Kwa kiganja?"

"Marehemu bibi yangu aliughani huu utenzi na kaa mwenye miguu," kinyozi alidakia.

"Bibi yako alighani akiwa amelewa."

"Bibi yake alikuwa rafiki yangu," mama mkwe alisema bila kugeuza shingo, "na alikuwa akilewa baada ya kughani, si kabla. Tuheshimiane."

Mwalimu akainua mikono. "Ndugu zangu, utenzi ni mali ya kila kinywa." Hilo likawa kosa lake, maana kila kinywa kiliitika kwa wakati mmoja. Kwa huyu, shujaa alipanda kwa ngazi; kwa yule, alipanda kwa moshi. Kwa huyu, moto uliibwa; kwa yule, ulikopwa. Kocha wa timu akataka wapige kura. Watu ambao jana walimjua Mleta-Moto kwa bei ya magodoro tu, leo walikuwa tayari kushikana mashati kwa ajili yake.

Mtoto aliyeigiza Giza alichoka kusubiri, akaketi ndani ya shuka lake jeusi.

Mshonaji hakumwona mtu mwingine ila Kidoti. Midomo ya mtoto ilikuwa imebanwa kama mfuko uliofungwa zipu. Mama alinyanyuka nusu ili akamchukue, amfiche kwenye gauni, wakimbilie nyumbani. Lakini akimtoa sasa, mwaka umekwenda. Na akimwacha, watu wataendelea kumcheka. Alibaki hivyo hivyo, hajasimama wala hajakaa, huku mama mkwe akimvuta gauni.

Jukwaani Kidoti alimgeuza kaa huku na huku, akimtafuta masikio ayazibe. Hakuyaona, mama hakuyashona. Basi akamkumbatia kwa nguvu zaidi, akawatazama watu wazima wote wale, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na kwa sauti iliyofika hadi mlangoni akasema:

"Mnamwogopesha kaa wangu."