Sanita ya Nafisa

Kuku wa Nafisa alikuwa akitagia kwenye sanita, na asubuhi hiyo alikataa kuingia kwa sababu mlikuwa na maji.

Sanita yenyewe, choo cheupe cha kukalia na tangi lake nyuma, ilikuja na nyumba. Kila familia iliyohamishwa kupisha mradi wa gesi ilipewa nyumba ya bati katika mtaa mpya, kando ya barabara iendayo Olumbi, na kila nyumba ikapewa sanita. Maji yaliahidiwa. Yalipokuwa yakisubiriwa, watu walizitafutia sanita kazi nyingine. Sumaia, jirani wa Nafisa, aliweka mkaa, imamu alipanda mnanaa, na Nafisa alimtandikia kuku wake majani makavu. Maji ya kunywa yaliletwa na lori, lori lilipokumbuka.

Sasa tangi lilikuwa likidondosha, tone moja moja, kama mtu asiye na haraka. Nafisa hakushangaa. Alikasirika, maana mayai yalikuwa yamelowa.

Akamwita fundi Domingos, mtu wa Mueda, ambaye ndiye aliyezifunga sanita zote za mtaa ule. Domingos alifunua tangi, akatia mkono, akasema ni mpira umechakaa. Nafisa akamuuliza mpira umechakaaje katika kitu kisichowahi kuona maji. Domingos alikubali kwamba hilo lilikuwa swali zuri, akabadilisha mpira hata hivyo.

Maji yakaendelea kudondoka. Wakatoka nje kulifuata bomba. Lilipenya ukuta, likashuka, likazama mchangani. Domingos alilivuta, nalo likachomoka lote kama muhogo. Lilikuwa fupi, kavu, na nyigu walikuwa wamejenga kwenye ncha yake.

"Mbona halijaungwa popote?" Nafisa aliuliza.

"Mama, mimi niliambiwa nifunge sanita," alisema Domingos. "Habari ya maji alipewa mwingine."

Nafisa akarudi ndani, akakinga tone kwa kiganja, akaonja. Yalikuwa na chumvi kwa mbali, na ladha ya mizizi ya mkoche. Aliyajua papo hapo. Yalikuwa maji ya kisima cha kijiji chao cha zamani, na kisima hicho kilikuwa ndani ya uzio wa mradi, kimejazwa zege hadi juu. Akajifunga kanga ya pili, akapanda pikipiki kwenda getini.

Mlinzi, kijana mmoja mpole aitwaye Clésio, alimsikiliza bila kumkatiza. Akasema ndiyo, yuko mtu anayechota, na ameshaonywa. Akamwongoza Nafisa kando ya waya mpaka mahali ambapo kisima kilionekana.

Bibi Fátima, mama mkwe wake Nafisa, aliyefariki kabla uzio haujajengwa, alikuwa amesimama juu ya zege akivuta kamba. Ndoo ilipanda katikati ya zege bila kukwama. Alikuwa amevaa sanda yake, juu ya sanda fulana ya njano inayong'aa, na kichwani kofia ngumu ya wafanyakazi. Clésio alieleza kwamba kufa hakumwondolei mtu sheria za usalama kazini. Taabu ni kwamba ndoo haikukaa vizuri juu ya kofia ile, na nusu ya maji ilimwagika njiani. Bibi alitembea kwa kuchechemea hadi kwenye maegesho ya magari, pale ilipokuwa nyumba yake, akamimina kilichobaki mahali ulipokuwa ukisimama mtungi wake wa maji. Lami haikulowa.

Bibi aliporudi kisimani, Nafisa alimwamkia kupitia kwenye waya.

"Marahaba, mwanangu. Maji yanafika?"

"Yanafika, mama. Machache."

"Ni hii kofia." Bibi akatua ndoo. "Mbona mlihama bila kuniambia?"

"Tuliambiwa makaburi yote yamehamishwa. Tukakusomea hitima upya, kule."

"Siku hiyo nilikuwa kisimani," alisema Bibi.

Clésio akakohoa. Alikuwepo siku hiyo. Alisema kaburi la Bibi lilipofukuliwa halikuwa na mtu, lakini wageni rasmi walikuwa wanasubiri na pilau ilikuwa imeshaiva. Basi ule utupu ukakunjwa ndani ya sanda mpya, ukabebwa, ukazikwa kwa heshima zote.

Nafisa akauliza kwa nini maji yatokee chooni. Clésio aliona hilo liko wazi. Kwenye mkutano wa fidia kila kitu kilitajiwa badala yake: nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba lenye mawe, bahari kwa semina ya ufugaji wa kuku. Badala ya mtungi ilikuwa sanita. Maji yalikuwa yakifuata makubaliano tu.

Nafisa akaomba geti lifunguliwe, Bibi aende akapumzike. Clésio akasema atauliza wakubwa.

Nafisa aliporudi nyumbani alikuta Sumaia na wanawake wengine wameshapanga ndoo mlangoni, na kuku amefungwa uani. Haikuchukua muda akafika chefe Osvaldo, mkubwa wa serikali kutoka wilayani, pamoja na mpiga picha. Osvaldo alinawa mikono kwenye sanita mbele ya kamera, akatangaza kwamba ahadi ya maji imetimizwa, tena mapema. Akaagiza lori lisije tena. Kibao cha ufunguzi kikapigiliwa juu ya mlango wa choo.

Nafisa akamweleza ni nani anayeyachota. Osvaldo hakushtuka. Aliuliza tu kama marehemu ana afya njema. Kuhusu kumtoa, alisema kuna vikwazo viwili. Kaburi lake lilikwisha kupata maiti, kisheria. Na yeye mwenyewe sasa ni mtambo wa maji wa mtaa mzima, na mtambo hauondolewi wananchi wakiuhitaji.

"Basi avuliwe hata ile kofia," alisema Nafisa.

"Usalama kwanza, mama," alijibu Osvaldo, akapanda gari.

Lori halikuja tena. Foleni ilianzia chooni, ikapita sebuleni, ikatoka hadi barabarani, na jua lilikuwa kali. Ndoo moja ilichukua nusu ya asubuhi kujaa.

"Mwambie mkweo aongeze mwendo," alisema Sumaia, wala hakusema kwa ubaya. "Watoto wana kiu."

Nafisa alitaka kujibu kwamba Bibi alikufa na goti bovu, na kwamba goti halikuwa limepona. Akawatazama watoto. Akafunua tangi, akainama mpaka paji la uso likagusa ubaridi wake.

"Mama," alisema taratibu, "nisamehe. Wanaomba uongeze mwendo."

Matone yakakatika. Kisha maji yakaanza kushuka kwa nguvu, na foleni ikasogea mbele.