Miguu ya Mwalimu Mkuu

Mwaka 1991, mjukuu wangu Kemilembe akiwa darasa la tatu, nililetewa barua kutoka shuleni kwao, huku kijijini Rubafu. Mtoto huyo alikuwa hawaamkii walimu; aidha abadilike, au abaki nyumbani. Waliandika "aidha" palipostahili "ama". Nililisahihisha kwa wino mwekundu, kisha nikalia.

Siku zile nyumba yangu ilikuwa na wajukuu watano. Binti yangu Kezia, mama yake Kemilembe, tulikuwa tumemzika kibanjani, kwenye migomba yetu, mwezi wa Mei. Mumewe alikuwa amemtangulia. Majirani walisema huzuni ndiyo iliyomgeuza mtoto. Haikuwa kweli. Tangu udogoni alipanga maharage kwa rangi, aliziba masikio kengele ilipolia, na alikutazama begani badala ya machoni. Miaka mingi baadaye daktari alinitajia jina la hali hiyo, Asperger. Wakati ule hatukuwa na jina. Tulikuwa na mtoto tu.

"Kwa nini huwaamkii walimu?" nilimwuliza.

"Bibi, ulisema shikamoo maana yake ni nashika miguu yako. Mimi siishiki. Na umekataza uongo."

Basi kosa lilikuwa langu. Kesho yake nilivaa gauni la kanisani nikaenda shuleni.

Mwalimu mkuu, Rutashobya, niliyemfundisha mwenyewe kusoma, aliinuka upesi. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Umeishika?"

"Nini, waitu?" aliuliza, kwa neno letu la heshima.

"Miguu yangu."

Alicheka, nami nikamweleza. Kicheko kikakoma.

Benadetha, mwalimu wa darasa la Kemilembe, aliyekuwa ameitwa ofisini, hakucheka kabisa. "Mama, nina watoto sabini. Nikiwaambia wafunge midomo, huyu anauliza kwa kamba gani. Wenzake wanaangua kicheko, mimi nabaki kama mjinga."

"Mwambie anyamaze. Atanyamaza."

Niliomba akae mbele, mbali na kengele, na aambiwe maneno yasemayo kile yanachomaanisha.

"Na heshima?" Benadetha aliuliza.

Kemilembe akaitwa. Rutashobya akamwuliza, "Ukitaka nijue kwamba unaniheshimu, utasemaje?"

Kemilembe alilitazama bega la mwalimu mkuu.

"Nitasema habari za asubuhi. Mchana nitasema habari za mchana."

"Na jioni?" Benadetha alimtega.

"Jioni nipo nyumbani, Mwalimu."

Benadetha aliuma mdomo asicheke, akashindwa. Kisha alikwenda darasani, akalivuta dawati moja hadi mbele kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi zile nazikumbuka hadi leo. Nikiwa kwenye shamba langu la kahawa, mteremkoni chini ya shule, nilimsikia Benadetha akiwaambia wote sabini, "Nyamazeni." Nao walinyamaza.