Bonge la Udongo wa Tiwi

"Udongo huu watoka wapi?" Hamdan aliuliza, bonge likiwa kiganjani mwake.

"Kati ya shamba," Mejumaa akajibu.

Uongo mtupu. Bonge lile alilichimba chini ya upenu wa jiko la mamake, huko Tiwi, mahali ambapo hata mvua za El Nino hazikufika. Kati ya shamba palikuwa na kinamasi, na mwaka ule wa 1998 kilikuwa kimetanda kuliko wakati wowote. Trekta ingelazimika kukizunguka, dizeli iteketee bure, na mbegu za kandokando zioze. Lakini masika yalikuwa yamebisha hodi. Bila trekta wiki hiyo hapakuwa na mahindi mwaka mzima, na viazi karai alivyokaanga na kuuza pale Makadara havikutosha kulisha vinywa sita.

Hamdan alikuwa na trekta moja tu ya kukodisha, na alimtaka kila mkulima amletee bonge kutoka kati ya shamba lake. Likinata vidoleni, trekta haiendi. Alilifinya hili la Mejumaa, likawa vumbi.

"Kavu safi, mashallah. Ngala! Alhamisi wenda Tiwi kwa mama huyu."

Ngala, dereva wake, alichomoza kutoka chini ya trekta iliyoegeshwa mbele ya duka la Hamdan, uso wote grisi na tabasamu.

"Afadhali, mama. Mwaka jana mzee mmoja alinidanganya, nikazama hadi ekseli. Mshahara wa miezi mitatu ukaishia kuikwamua. Tajiri ameapa, nikizama tena nitafute kazi kwengine."

Mejumaa aliaga, akavuka barabara hadi kwenye karai lake. Akawasha jiko, akalizima. Alijilaani, akamlaani na Ngala kwa mdomo wake usiojua kunyamaza, kisha akarudi mbio.

"Bwana Hamdan, nisamehe. Udongo ule ni wa upenuni. Kati kuna maji."

Hamdan aligeukia ubao wa zamu za trekta ukutani. Akalifuta jina lake.

"Basi wangojea wenzako wote wamalize. Huenda ikawa mwezi wa tano."

"Kwani maji yamekula kiasi gani, mama?" Ngala akauliza.

Mejumaa alisogelea madigadi ya trekta, bati la juu ya gurudumu lililojaa vumbi. Kwa kidole akachora mipaka ya shamba, kisha kinamasi ndani yake. Akatazama. Akakipanua. Akakipanua tena. Alipoondoa kidole, Ngala aliweka kiganja juu ya sehemu kavu iliyobaki, na kiganja kikaifunika yote. "Hapa trekta haina hata pa kugeukia, mama," akasema.