Ini la Bi Mwamvita

Pigo la kwanza lilikuwa la kipande cha nondo, saa kumi alasiri, jua bado kali, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la mama Eufrazia. Lilimpata Deogratias begani nikasikia mfupa ukilia. Kosa lake lilikuwa kukusanya maneno. Kuna kosa jingine, lakini hilo ni langu, nitalifikia.

Mie ni Anselmo, Mmakonde wa Newala, miaka sabini nimeshaipita. Nimekata mkonge Tanga, nimebeba korosho Mtwara, nimelinda ghala Mikocheni, nimechonga vinyago vibaya mpaka watalii wenyewe wakavikimbia. Shule niliisoma vipande vipande: miaka mitatu misheni, mwaka mmoja elimu ya watu wazima, kilichobaki nikakiokota kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Tangu nihamie Chamazi, kazi yangu ni kuwatembeza watafiti. Chuo kinampa mtu barua, barua inafika serikali ya mtaa, mwenyekiti anasema, "Mtafuteni Mzee Anselmo, huyo milango yote anaijua."

Nimewatembeza wa kila namna. Yupo aliyehesabu kunguru. Siku tatu tulikaa jalalani, yeye na darubini, mie na mwavuli. Yupo aliyechota udongo nyuma ya vyoo vya watu akautia kwenye vifuko kama unga wa sembe. Mmoja alitaka kujua wapangaji huota nini usiku, na watu wakamjibu kweli, baba mmoja akasema kila wiki anaota mwenye nyumba kafa. Dada mmoja wa mambo ya muziki alikuja kupima mwendo wa singeli kwa saa ya mkononi, akatoka uwanjani na kiatu kimoja. Sikumcheka hata mmoja wao. Mtu akitoka kwake kuja kukuuliza jambo ambalo hata mwanao hajawahi kukuuliza, utamchekaje?

Mwezi wa saba walinijia wawili kwa mpigo. Clara alikuwa wa malaria. Anakutoboa kidole, tone moja la damu juu ya kioo, anakubandika pamba, kwisha. Deogratias alikuwa wa lugha, kijana mwembamba wa Bukoba, mpole mpaka anaomba radhi kwa mbuzi akimkanyaga. Yeye alitafuta Kizaramo cha wazee kabla wazee hawajaondoka nacho. Alikuwa na daftari lenye maneno mia mbili ya Kiswahili, kila neno na namba yake. Mbele ya neno anaandika la Kizaramo, na pembeni jina la aliyempa, na umri wake.

"Jina la nini?" nilimuuliza.

"Mzee, neno lina mwenyewe. Nisije nikaonekana nimelitunga mie."

"Na mbona umeanza na viungo vya mwili?"

"Kwa sababu hakuna watu wasio na jina la jicho lao. Haya maneno watu hawayaazimi ovyo kwa jirani."

Wote wawili walitaka wazee, na Wazaramo wazee waliobaki mtaani kwetu hawafiki kumi. Nikaona kuwazungukia mara mbili ni kuwachosha. Nikawaunganisha watoto wale: Clara akimaliza na kidole, Deogratias anaingia na daftari, mkeka ule ule, siku ile ile. Hakunishauri mtu. Ndilo kosa nililosema, au niseme ndilo la kwanza.

Aliyewafurahia kuliko wote ni Bi Mwamvita, mwenye miaka sabini na moja, kazaliwa hapo hapo Chamazi enzi za mikorosho mitupu. Alimpa Clara kidole, akampa Deogratias maneno asubuhi nzima, anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mjukuu wangu Farhan nikimsemesha Kizaramo ananiambia bibi wanitukana," alisema. "Chukua wewe, mwanangu. Chukua yote."

Farhan mwenyewe alikuwa uani, anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Aliinua kichwa, akatutazama, akainama tena.

Jumatano ile mtoto wa jirani yetu mama mmoja, Hija, binti wa miaka sita, hakurudi kutoka madrasa. Alhamisi mtaa mzima uliacha kazi. Walishuka kwenye mashimo ya maji taka, walivunja mlango wa gofu moja wakamkuta mbwa na watoto wake. Msikitini walitangaza, kanisani walitangaza. Na kwenye simu ikaanza kuzunguka sauti ya mtu asiyejulikana: mumiani wameingia upande wa Mbagala, wanatembea na barua za chuo, wanaanza na damu kidogo ya kuonja.

Clara aliisikia akataka turudi. Mie nikasema, "Nyumba moja tu imebaki, mwanangu. Watu hawa ni wangu."

Walitutokea pale dukani kwa Eufrazia. Hamsini, labda zaidi, wengine wana fulana za mpira maana ilikuwa siku ya mechi. Mbele yupo Farhan.

"Mzee Anselmo, simama hapo hapo."

"Leo shikamoo hakuna, Farhan?"

"Shikamoo itakuja. Boksi la huyo sista lina nini?"

Hakungoja jibu. Walilinyakua, kifuniko kikaruka, na vile vioo vyembamba vikamwagika mchangani, kila kimoja na doa lake jekundu. Nilisikia mtu anasema "damu", kwa sauti ndogo tu kama anayeuliza, halafu wakaisema wote. Eufrazia alimkamata Clara mkono akamvuta ndani ya duka na kushusha geti la chuma. Mawe yakaanza kulipiga geti. Aliyebaki nje ni Deogratias, na hapo ndipo ile nondo ilipomshukia.

Alipiga magoti. Wakamwangusha kwa mateke, teke la mbavu, teke la mgongo, mmoja akaruka juu akatua na visigino viwili kwenye mkono uliokuwa umeshika daftari. Vidole vikaachia. Farhan aliliokota, akafunua, akakunja uso. Mwandiko wa Deogratias ulikuwa wa kimbio, umelala kama majani yaliyopigwa na mvua.

"Tulieni!" Farhan akapiga kelele. "Oya, tulieni kwanza! Tusije tukaua mtu bure." Nampa haki yake, alisema hivyo. Akanigeukia. "Mzee, wewe mwandiko wa watu hawa umeuzoea. Soma. Kwa sauti, wote wasikie."

Ningeweza kusoma chochote. Ningesoma bei za saruji, ningesoma Baba Yetu, nani angejua? Lakini mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alikuwa mkali kwa jambo moja: soma kilichoandikwa, usisome unachokitaka. Nimejivunia hilo maisha yangu yote. Tena nilidhani, kwa akili zangu, kwamba wakisikia ukweli watapoa. Nikavaa miwani.

"Namba moja. Kichwa. Mwamvita, miaka sabini na moja."

Kelele zikakatika.

"Namba mbili. Jicho. Mwamvita, miaka sabini na moja."

"Endelea."

"Ulimi. Mwamvita. Moyo. Mwamvita. Ini..."

"La nani?"

"La Mwamvita."

"Na hayo maneno ya katikati?"

"Kizaramo."

"Kizaramo gani! Hiyo ni lugha yao ya siri!" alidakia mmoja wa fulana za mpira. Nyuma kabisa mwanamke alianza kulia, nadhani ni Hija mwenyewe. Nikafunua ukurasa haraka, niwaonyeshe kwamba kuna mvua humo, kuna jiwe, kuna mwezi. Jicho likaangukia mstari wa juu, na mdomo ukausoma kabla sijaukamata.

"Mtoto. Kula. Kufa. Kuua."

Sijui nani alinipiga. Nilijikuta chini, mdomo umejaa kitu cha chumvi na jino langu la mbele liko juu ya ulimi. Kupitia miguu yao nikamwona Deogratias. Alikuwa amejikunja kama mtoto tumboni, na kila alipojikunja walimkunjua. Mtu alishika kipande cha tofali kwa mikono miwili, akakiinua juu ya kichwa chake mwenyewe, akakishusha usoni kwa yule kijana. Taya lilikwenda upande. Alijaribu kusema kitu, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote.

"Tairi! Leteni tairi!"

Tairi lilikuwapo, fundi wa pancha yuko hatua kumi. Walimvisha mpaka kifuani. Mwingine akaja na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, akammiminia kichwani taratibu, kama anayemtawadhisha. Nilitambaa. Mtu akanikanyaga mgongoni akaniambia, "Tulia dalali, zamu yako inakuja."

Hapo ndipo tukasikia sauti ya Bi Mwamvita. Alikuwa amekimbiziwa habari kwamba mjukuu wake anamlipia kisasi, na alikuja vile vile alivyokuwa jikoni, mikono na unga.

"Farhan! Unamwua nani?"

"Bibi, rudi nyumbani. Huyu ana orodha yako. Ini lako, moyo wako, ulimi wako, vyote kaandika na umri."

"Basi ndiyo nini? Nimempa mie mwenyewe!"

Walio nyuma wakaanza kuulizana kasema nini.

"Ini nimempa, moyo nimempa," akaendelea bibi wa watu, anahema. "Figo nimempa bure. Na kesho alikuwa aje kumalizia utumbo!"

Nilifumba macho. Ngurumo iliyotoka pale sijawahi kuisikia, si bandarini, si vitani mpakani mwaka ule tulipokimbia Newala. "Kamroga!" walisema. "Bibi wa watu karogwa, anagawa ini mchana kweupe!" Farhan machozi yanamtoka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti.

Nadhani bibi alinusa petroli ndipo akaelewa kwamba maneno yake yamekuwa kuni. Hakueleza tena. Aliwasukuma vijana wawili, akaingia katikati, akasimama juu ya Deogratias, mguu huku na mguu huku. Khanga ya kichwani akaitupa. Ya mabegani akaitupa. Akashika fundo la ile ya kiunoni.

"Washa," alimwambia Farhan. "Washa, baba. Mama yako kapita hapa nilipopafunika. Ukiwasha tu, navua. Mtaniona wote, ninyi mnaoniita bibi, mtaniona nilivyo. Halafu nendeni mkaoe, mkazae, tuone."

Asiyekulia pwani hawezi kuelewa. Niliona mwanamume wa miraba minne akifunika uso kwa fulana. Walio nyuma wakageuka migongo, walio mbele wakarudi kinyumenyume wakikanyagana. Yule wa chupa aliidondosha akakimbia. Bibi akalegeza fundo kidogo, akapaza sauti kwa Kizaramo, maneno marefu, makavu, na wale waliosema ni lugha ya siri wakaziba masikio kana kwamba wameijua tangu kuzaliwa.

Farhan alibaki peke yake, anatazama mchanga, njiti mkononi.

"Bibi, usivue."

"Weka chini."

"Bibi, kwa Mungu, usivue."

"Nimesema weka chini."

Akaweka. Halafu akakaa pale pale chini, akatapika.

Eufrazia alifungua geti, tukamlaza Deogratias kwenye bajaji, Clara ameshikilia lile taya kwa viganja viwili njia nzima mpaka hospitali. Aliishi. Taya lilivunjika mahali pawili, likafungwa kwa waya. Jicho la kushoto halikurudi. Yule binti wa Hija alionekana Ijumaa, mzima, yuko Gongo la Mboto kwa baba yake, aliyemchukua madrasa bila kumwambia mama mtu. Hakuna aliyekuja kusema pole. Polisi walimshika Farhan na wengine wanne, kesi inapigwa tarehe. Yuko nje kwa dhamana. Tukikutana njiani ananipa shikamoo, namwitikia marahaba, kila mtu anashika njia yake. Bi Mwamvita Kizaramo hakisemi tena, hata na kuku wake.

Miezi mitatu ikapita, mwenyekiti wa mtaa akanipigia. Kuna mtafiti mwingine na barua. Nikamwambia kazi hiyo nimeacha. Akasema, "Huyu hataki utembee, Mzee. Anakutaka wewe."

Jina lake Munira, wa elimu ya jamii. Anatafiti watu wakikusanyika kuua, wanaanzaje, wanaachaje. Ana adabu, alivua viatu mlangoni. Maswali yake yako kwenye simu, yeye anasoma, wewe unajibu, anagusa kioo. Nikamwambia karibu, uliza.

"Swali la kwanza, Mzee. Katika tukio la siku ile, wewe ulishuhudia au ulishiriki?"

Ulimi wangu ulikwenda pale palipokuwa na jino.

"Weka vyote viwili."

"Samahani, Mzee wangu. Haikubali. Inataka kimoja tu."

Nilimtazama. Msichana mdogo, kidole kiko juu ya kioo, anangoja. Ningeweza kumjibu chochote.

"Weka nilishiriki."

Akagusa. Likaja swali la pili.