Nilisema Anavuta Bangi

Mimi ndiye niliyeandika kwamba binti yangu Akoth anavuta bangi. Sijawahi kumwona hata na sigara. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa hajalala siku sita, ananiambia mimi si mama yake, anamwaga ugali eti nimeutia sumu, na mwalimu wake ananinong'oneza habari za biskuti za bangi. Kituo cha kurekebisha tabia, huko njia ya Kajiado, hakipokei mtu mpaka mzazi ataje anachotumia. Nikataja, nikatia sahihi. Nilikuwa nimechoka, Mungu wangu, nilitaka tu alale na mimi nilale.

Siku ya nne akiwa huko, daktari wa Kitengela akanipigia. Mwezi uliopita nilimpelekea Akoth, magoti yakimuuma na mashavu yametoka madoa, akatolewa damu. Mimi nikasahau.

"Mama Akoth, ni lupus. Kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Amechanganyikiwa? Anaona vitu?"

"Sana."

"Basi huenda imefika kwa ubongo. Mlete leo. Usingoje kesho."

Nilifika langoni nikihema. Msimamizi, Bwana Wahome, mtu wa sauti laini inayokera, akanionyesha sahihi yangu.

"Wiki tatu hakuna kuonana, mama."

"Nilidanganya! Hajawahi kuvuta. Ni mgonjwa."

"Wazazi wote husema hivyo siku ya nne. Huruma ndiyo inaharibu hawa watoto."

"Anatetemeka?"

"Hiyo ni arosto tu. Bangi inatoka kwa mwili."

"Bangi gani, wewe? Hakuna bangi!"

Nilipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Sikuona haya, haya yangu niliimaliza siku ile ya kuandika. Nikampigia daktari, nikamsukumia Wahome simu sikioni. Alisikiliza, akaacha kutabasamu, akaenda kumleta mwenyewe.

Akoth alitoka ameshikwa na wanawake wawili, midomo imepasuka, macho yakitazama juu ya kichwa changu. Aliponiona akapiga magoti kwenye kokoto, magoti yaleyale yanayomuuma.

"Mum, nimekubali," alisema polepole. "Wameniuliza kila siku. Mimi sikumbuki nikivuta. Lakini kama ni wewe umesema, basi nilivuta."